Umemkuta Kobe Mtaani: Mwongozo kwa Mwenye Haraka

Ukimwona kobe juu ya mti, jua kapandishwa. Tumeutumia msemo huo kuwasema wenye vyeo wasivyovistahili, hata tukasahau kwamba unamhusu kobe mwenyewe. Na kobe wa siku hizi hapandishwi miti tu. Hupakiwa kwenye bodaboda, husukumwa ndani ya buti la gari kati ya gunia la mkaa na tenga la machungwa, hufungwa kamba uani, mpaka siku moja geti linasahauliwa wazi naye anaondoka zake. Ndiyo maana asubuhi moja, umetoka kununua vitumbua, unaweza kumkuta katikati ya barabara ya mtaa, kichwa juu, anaelekea kituo cha daladala kama abiria mwenye nauli kamili mkononi.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyemkuta. Nimeuandika kwa sababu kobe aliyepotea mjini ana maadui wawili: magari, na watu wema wenye haraka. Magari siyawezi. Watu wema naweza kuzungumza nao.

Mnyama mwingine akipatwa na shida hukunyima nafasi ya kufikiri. Ng'ombe anatimka, mbwa anabweka, paka anapanda darini. Kobe anakaa, anakungoja uamue. Kila kosa utakalomtendea litatokana na haraka yako, si yake. Kwa hiyo weka vitumbua pembeni, vuta pumzi, tuanze.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kweli amepotea

Kabla ya kumwokoa yeyote, uliza kama ana shida. Kobe uliyemkuta kando ya shamba Handeni, au akivuka barabara inayopita katikati ya vichaka vya Tsavo, hajapotea. Yuko safarini, na huenda alianza kuipita njia hiyo kabla lami haijafika. Kobe wa porini ana eneo lake. Anajua maji ya mvua hutuama wapi, kichaka kipi kina kivuli cha mchana, na majani yapi huchipua kwanza. Ukimpakia garini ukamshusha kwenye pori lingine ulilolipenda wewe, umemnyang'anya yote hayo kwa mkupuo mmoja.

Msaada wake ni mdogo na unatosha. Egesha gari pembeni mahali salama, washa taa za tahadhari, mbebe umvushe upande uleule aliokuwa anauelekea, umweke ndani ya nyasi mbali na ukingo wa barabara. Usimgeuze arudi alikotoka, hata kama huko unakuona kuzuri zaidi. Ukimgeuza, ukishaondoka atageuka tena na kuvuka upya, na safari hiyo hutakuwapo. Ukishamvusha, kazi imekwisha. Panda gari uende zako, na Mungu akulipe.

Lakini kama umemkuta Sinza, Tabata, Nyali au South B, kwenye kokoto na vifuko vya plastiki, ambako pori la karibu ni ua wa michongoma wa jirani, huyo kapandishwa. Endelea kusoma.

Hatua ya pili: Mjue ni nani

Tazama miguu kwanza. Miguu minene iliyosimama wima chini ya mwili, yenye magamba na kucha butu, ni ya kobe wa nchi kavu. Makasia mapana ni ya kasa, mnyama wa baharini. Vidole vyenye ngozi katikati, kucha ndefu, na shingo anayoikunja ubavuni badala ya kuirudisha ndani moja kwa moja ni dalili za kobe maji, yule wa madimbwi.

Usilipuuze somo hili la miguu, maana limeshagharimu maisha. Kobe wa nchi kavu akitupwa baharini hazami kwa kutojua njia, anazama kwa sababu hakuumbwa kuogelea huko. Jimbo la Florida, nchini Marekani, idara ya wanyamapori ililazimika kuwaomba wananchi waache kuwabeba kobe wachanga na kuwatia baharini, kwa kuwa watu walikuwa wanawadhania kuwa watoto wa kasa. Nia ilikuwa njema kabisa, na maji yalikuwa ya chumvi kabisa.

Kama ni kasa, usimchukue. Kasa aliyepanda ufukweni usiku kwa kawaida ni jike aliyekuja kutaga. Rudi nyuma, zima tochi na simu, zuia mbwa, mwache amalize na kurudi mwenyewe. Akiwa amejeruhiwa au amenaswa na nyavu, watafute viongozi wa kikundi cha usimamizi wa ufukwe wa eneo hilo. Watamu kuna watu wa Local Ocean Conservation, Tanzania kuna Sea Sense, na Nungwi kuna hifadhi ya Mnarani. Kasa ndiyo kazi yao.

Kama ni kobe maji, huenda mvua kubwa imenyesha naye anahama dimbwi moja kwenda jingine. Msogeze kwenye maji yaliyotuama ya karibu upande anaouelekea. Mbebe mbali na nguo zako nzuri, maana akiogopa hutoa harufu ambayo sabuni ya kawaida itashindana nayo jioni nzima.

Waliobaki ni wa nchi kavu, nao hawafanani. Mwenye gamba la mviringo lililoinuka, rangi ya manjano na madoa meusi, ndiye anayeonekana zaidi Afrika Mashariki, na yaelekea ndiye uliye naye. Mwenye bawaba nyuma ya gamba, anayeweza kujifungia mlango wa nyuma, ni aina nyingine. Mkubwa mno, mwenye rangi ya kijivu na shingo ndefu, ni kobe wa Aldabra kutoka Seychelles. Dume lake hufikia kilo 250. Huyo hakutoka porini kwetu. Ana mwenyewe, na mwenyewe anamtafuta.

Ukiona kobe bapa, gamba lake laini kiasi cha kubonyea, anayekwenda mbio kuliko ulivyotarajia, tulia zaidi. Huyo ni kobe wa miambani, anayeishi kwenye nyufa za mawe sehemu kama Tarangire na nyanda kavu za Kenya. Anapoandamwa hujipenyeza ufani na kujibana humo asitolewe. Jike kwa kawaida hutaga yai moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila anayechukuliwa huacha pengo lisilozibika upesi. Mwaka 2019 aliingizwa kwenye Jedwali la Kwanza la mkataba wa CITES, lile la wanyama ambao biashara yao ya kimataifa imezuiwa. Kobe bapa hawezi kufika Dar es Salaam kwa miguu. Ukimkuta, umekuta ushahidi. Nenda moja kwa moja hatua ya nane.

Hatua ya tatu: Mbebe kwa adabu

Mshike kwa mikono miwili, kila mkono ubavu mmoja, katikati ya mguu wa mbele na wa nyuma. Mwinue kidogo tu kutoka ardhini, tumbo likiangalia chini, na utembee polepole. Usimning'inize kwa mguu. Usimpindue kuonyesha watu tumbo lake, kwa kuwa mapafu yake yako juu, chini ya mgongo wa gamba, na akilala chali viungo vingine vyote humkandamiza hapohapo anapovutia pumzi.

Atatoa sauti ya hewa, hsss. Si nyoka. Ni pumzi inayotoka mapafuni anapoingiza kichwa na miguu kwa pamoja; nafasi ndani ya gamba ni moja, na hewa ndiyo inayompisha.

Halafu huenda akakukojolea. Hili lichukue kwa uzito, si kwa sababu ya suruali yako. Kibofu cha kobe ni ghala lake la maji wakati wa kiangazi. Akiogopa huyamwaga yote ili umwachie, na kobe aliyemwaga maji yake katika msimu mkavu anaweza kufa kwa kiu siku ambazo wewe umeshasahau kwamba ulimgusa. Ndiyo sababu ya kumbeba mara moja tu, kwa utulivu, na ndiyo sababu ya kumpa maji mara mfikapo nyumbani.

Hatua ya nne: Vunja kamati

Kabla hujafika getini, kamati itakuwa imeundwa. Hakuna kitu kinachokusanya wataalamu mtaani kama kobe mikononi mwa jirani. Wasikilize kwa heshima, kisha ukatae karibu kila kitu.

Kijana wa bodaboda atataka mtoto asimame juu ya gamba ili tuone lilivyo gumu. Mwambie gamba si kofia aliyovaa kobe. Ni mifupa yake: mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, limefunikwa na tabaka la kitu kama kucha, na lina mishipa ya fahamu. Kobe anahisi anaposimamiwa.

Fundi wa magrili atajitolea kutoboa tundu dogo ukingoni ili apitishwe waya asipotee tena. Huyu ni mtu mwema, na ofa yake ndiyo mbaya kuliko zote. Kutoboa gamba ni kutoboa mfupa wa mnyama aliye macho bila ganzi, kisha kumwachia jeraha linaloingiza uchafu. Waya nao hunasa kwenye mizizi, hukaza mguuni, na kumwacha juani mahali asipoweza kujisogeza. Kama unaogopa atatoroka, tengeneza ua.

Mtoto wa jirani atakuja na rangi ya mafuta kumwandika jina la timu yake. Mpe karatasi amchore. Rangi na vimiminiko vyake vina sumu, na kobe hawezi kujifuta.

Mzee wa kahawa atahesabu miduara kwenye gamba na kutangaza umri. Mheshimu, usibishane naye, lakini usiandike. Miduara hiyo hufuata misimu ya kukua na kudumaa. Mwaka mmoja unaweza kuacha zaidi ya mmoja, na kwa kobe mzee huwa imeshalika.

Mwingine atanong'ona kwamba damu yake ni dawa, au nyama yake ni kitoweo. Huyo usimjibu kwa mzaha. Mwambie wazi kuwa huyu ni mnyamapori, kumchinja ni kosa la jinai, na wewe ndiye shahidi.

Na wote kwa pamoja watauliza: dume au jike? Hapa unaweza kuwafurahisha. Dume mzima kwa kawaida ana mkia mrefu zaidi na tumbo lililobonyea kidogo, la jike likiwa tambarare. Likague ukiwa umeinama, wakati unamwinua, bila kumlaza chali.

Hatua ya tano: Mpe malazi ya usiku mmoja, si ukazi

Kobe hana moto wa ndani. Joto la mwili wake linatoka nje, na hulipata kwa kuota jua na kulipunguza kwa kuingia kivulini. Mahali pazuri kwake ni pale anapoweza kuchagua: kipande cha ua chenye jua upande mmoja na kivuli upande mwingine, ardhi ya udongo au nyasi. Boksi lililoachwa juani ni tanuri. Buti la gari lililofungwa saa sita mchana ni tanuri lenye kufuli. Sakafu ya vigae nayo inamtelezesha na kumchosha bure.

Zungushia ua wa mbao au matofali asioweza kuona upande wa pili. Akiona upenyo kwenye wavu atausukuma siku nzima, maana kwake kinachoonekana kinapitika. Wala usimdharau kwa mwendo. Ukiingia ndani kunywa chai ukamwacha kwenye ua usio na mipaka, utakaporudi utakuta nyasi zimelala na mtu hayupo. Kobe hana mbio, lakini hana pia miadi mingine.

Mwekee maji kwenye sinia au beseni la kina kifupi, yasiyopita kidevu chake, mahali anapoweza kuingia na kutoka mwenyewe. Akikaa humo kama robo saa, atakunywa na huenda akaacha uchafu humohumo. Mwaga, safisha, weka mengine. Mbwa afungwe. Mbwa mpole kuliko wote mtaani anaweza kulitafuna gamba la kobe kama mfupa wa supu, kwa kuwa kwa kweli ni mfupa.

Kisha nawa mikono kwa sabuni, wewe na kila aliyemshika. Kobe mwenye afya anaweza kubeba bakteria wa Salmonella bila dalili yoyote. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba chini ya takriban sentimita 10, baada ya watoto kuugua. Watoto huwapenda wadogo, na kitu kinachopendwa na mtoto mdogo huishia mdomoni. Vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni.

Hatua ya sita: Mlishe alivyozoea kula, si ulivyozoea kukaribisha

Hapa ukarimu wetu unatuponza. Mgeni kwetu hupewa wali, mkate, chai ya maziwa, na ikibidi kipande cha nyama. Kobe usimpe hata kimoja. Tumbo lake ni kiwanda cha kuchachusha nyasi polepole. Ugali, mkate, biskuti na chakula cha kuku huvuruga kiwanda hicho. Nyama na maziwa havimfai. Matunda matamu mengi humharisha.

Anachotaka kiko nje ya ukuta, na ni bure. Nyasi, kwanza nyasi, kisha nyasi. Ongeza mchunga uliojiotea, majani ya mforosadi, majani ya viazi vitamu, na kipande cha mpungate uliotolewa miiba. Mchicha si sumu, lakini usiwe mlo wa kila siku. Chuma mahali pasipopuliziwa dawa. Majani ya mparachichi yaache kabisa.

Asipokula siku ya kwanza, usimlazimishe. Kobe mwenye hofu hususa, na kwa maumbile yake anaweza kukaa bila kula muda ambao ungekutisha. Maji ni muhimu kuliko chakula. Na ukimkuta anaguguna mfupa mkavu, usimnyang'anye. Kobe wa porini hutafuna mifupa, na hata mavi meupe ya fisi, kwa ajili ya chokaa ya gamba lake. Wala huna haja ya kumtafutia fisi. Maganda ya mayai yaliyosagwa yanatosha.

Hatua ya saba: Mkague, na umwamini daktari

Macho yawe wazi, makavu, yasiyovimba. Pua isitoe kamasi wala mapovu. Akitembea, gamba la tumbo liinuke kutoka ardhini. Anayejiburuza ni mdhaifu au ameumia. Angalia kupe kwenye mikunjo ya shingo na miguu, ila waache waondolewe na mtaalamu. Kupe wa kobe si wadudu wa mchezo. Mwaka 2000 Marekani ilizuia kuingizwa kobe wa madoa kutoka Afrika kwa kuhofia kupe wao, wanaoweza kubeba ugonjwa wa maji moyo unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mwenye mifugo uani asimchanganye nayo, na mwenye kobe mwingine pia amtenge.

Gamba lililopasuka ni mfupa uliovunjika. Usilizibe kwa gundi kali wala kwa simenti nyeupe, hata kama fundi wa vigae yupo na amejitolea. Gundi hufungia uchafu ndani, na chini yake jeraha huoza kimyakimya. Funika kwa kitambaa safi, zuia nzi wasitage, weka kobe kivulini, umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Gamba huungana tena likitibiwa, ingawa huchukua miezi mingi.

Na kama amegongwa akawa baridi, hajitikisi, usimzike. Mwili wa kobe huenda polepole katika kila kitu, kufa kukiwamo. Moyo wake unaweza kuwa unapiga wakati macho yako yameshakata tamaa. Daktari ndiye atakayesema.

Hatua ya nane: Tafuta mwenyewe, na uifahamu sheria

Alama za kufugwa ziko mwilini: tundu ukingoni mwa gamba, mkwaruzo wa kamba mguuni, rangi, kucha au mdomo uliorefuka kupita kiasi, na tabia ya kukufuata badala ya kujificha. Piga picha za gamba la juu na la tumboni. Mpangilio wa madoa hutofautiana kati ya kobe na kobe, kwa hiyo picha hizo ni kitambulisho chake.

Mwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa, uandikishe ulimkuta wapi na lini. Ukituma taarifa kwenye kundi la simu la mtaa, weka picha ya mgongo peke yake. Ya tumbo ibaki kwako. Wenye kobe wataibuka wengi kuliko kobe waliopo. Kila mmoja aulizwe swali moja: alama gani ipo upande wa chini? Mwenyewe atajibu. Wengine wataanza kuulizia kama anauzwa.

Sidai umakini huu bure. Kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kilipokea kobe wanne wa Aldabra mwaka 1919, zawadi kutoka Seychelles. Wakazaana mpaka wakafika kama 200 katikati ya miaka ya 1950. Kisha wakaanza kuibwa, wakiuzwa kama wanyama wa kufugwa na kama kitoweo, na kufikia mwaka 1996 walibaki saba. Ndipo serikali, ikisaidiwa na shirika la kimataifa la kutetea wanyama, ikajenga ua wa ulinzi. Kobe anayetembea taratibu hivyo aliweza kutoweka kisiwani, kukiwa na bahari pande zote, kwa sababu kila aliyemwona barabarani aliamini maelezo ya aliyembeba.

Mwenyewe akipatikana, bado kuna swali la kibali. Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumiliki mnyamapori bila kibali. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2013 yenye msimamo huohuo. Kobe wote wa nchi kavu duniani, si wale bapa tu, wamo kwenye majedwali ya CITES, hivyo kumvusha mpaka bila hati ni kosa hata kama ni zawadi ya harusi. Na sheria hiyo inakuhusu na wewe. Huruma si kibali. Ndiyo maana ripoti yako iende mapema, mtaa wote ukijua kwamba unamhifadhi kwa muda huku ukitafuta wanaohusika.

Wanaohusika ni afisa wanyamapori wa wilaya, yule ambaye wazee wetu humwita bwana nyama, au ofisi ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kwa Tanzania bara. KWS, shirika la wanyamapori, kwa Kenya. Na idara ya serikali inayosimamia misitu kwa Zanzibar.

Hatua ya tisa: Mkabidhi kabla hujampa jina

Siku ya tatu utaanza kumzoea. Atakuwa anakuja ukimimina maji, na watoto watakuwa wameshagombana kuhusu jina. Hapo ndipo utakapojisikia kusema, kwa nini nisibaki naye tu?

Jibu la kwanza ni hesabu. Kobe wa madoa anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Jonathan, kobe wa kisiwa cha St Helena, alifikishwa huko mwaka 1882 akiwa tayari mtu mzima, na anakadiriwa kuanguliwa karibu mwaka 1832. Magavana wamekuja na kuondoka, yeye yupo malishoni. Unayemtaka si wa kufuga, ni wa kurithisha. Jiulize ni mwanao yupi atamrithi, na kama atakuwa na ua.

Jibu la pili ni kuhusu upweke tunaomsingizia. Wengi wanakumbuka Haller Park, Mombasa, ambako mtoto wa kiboko aliyeitwa Owen, aliyebaki yatima wakati wa tsunami ya Desemba 2004, alijiegemeza kwa kobe mzee wa Aldabra aliyeitwa Mzee. Picha zao zilizunguka dunia. Lakini aliyetafuta mwenzake alikuwa kiboko. Mzee mwanzoni alitoa hsss yake na kujisogeza pembeni, kisha kwa siku nyingi akamvumilia. Kobe hahitaji rafiki wa kumbeba. Anahitaji nyasi, jua, na kuachwa.

Basi afisa akija, au ukimpeleka, chukua maandishi ya mapokezi yenye tarehe, na uulize anapelekwa wapi. Usikasirike ukiambiwa hatarudishwa porini kesho. Kobe aliyekaa mjini anaweza kuwa na maradhi ya kuwaambukiza wa porini, na hakuna ajuaye alitolewa pori gani. Kukaa kwanza chini ya uangalizi ni haki yake na ya wale atakaokutana nao. Kumwachia mwenyewe kwenye kichaka chochote ulichokiona njiani kungekuwa kurudia kosa la aliyempandisha, kwa upendo zaidi.

Hatua ya mwisho: Mzuie anayefuata

Kobe hawahamii mjini. Wanaletwa, na wanaletwa kwa sababu kuna mtu aliyetoa pesa. Siku moja, kwenye barabara kuu, kijana ataunyanyua juu mkono wake wenye kobe mdogo ili umwone dirishani. Watoto garini watapiga kelele. Utawaza: nimnunue nimwokoe.

Usimnunue. Ukitoa pesa, kijana atarudi porini kesho kutafuta mwingine, kwa kuwa umemthibitishia kwamba kobe ni biashara. Kumbuka mahali na saa, piga simu kwa bwana nyama ukishaegesha, na waeleze watoto kwa nini, waziwazi, bila kuwadanganya kwamba atapata nyumba nzuri. Watalia, na kilio chao kina haki. Kobe huyo mmoja mtamwonea huruma njia nzima. Wale ambao hawatafungwa kamba wiki ijayo kwa sababu hamkutoa pesa hamtawaona kamwe, na hao ndio wengi.